Ndugu Mtumishi, Hukuhama

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani mbili na kwenye atlasi ya shule sikuiona, na anayedai kwamba amewahi kuishi humo atuonyeshe mihuri. Ilikuwa nchi ya amani. Ilikuwa na Wizara ya Watumishi na Uvumilivu, na ndani ya Wizara hiyo, ghorofa ya nne, mlango wa mwisho kushoto, alifanya kazi mhandisi wa kompyuta aliyeitwa Sikujua Mapunda. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa sababu zao. Katika habari hii yote, kila kilichotokea alikijua.

Serikali ya nchi hiyo iliwapanga walimu kwa haki. Aliyeolewa kusini alipelekwa kaskazini, na aliyeoa kaskazini akapelekwa kusini, ili wote waipende nchi nzima na asiwepo wa kupenda mahali pamoja kupita kiasi. Mwalimu aliyetaka kuhamia aliko mwenzake aliandika barua. Barua iliingia kwenye faili, faili likakaa juu ya mafaili, na mwombaji akaja mwenyewe kukaa kwenye korido ya Katibu Mkuu, Bwana Ndimangwa, mpaka Bwana Ndimangwa atoke, amtazame, na kumwambia kwa upole, "Njoo kesho." Alikuwa na sauti nzuri sana ya kusema njoo kesho. Watu walisafiri kutoka mikoani kuja kuisikia.

Sikujua aliijua korido hiyo kwa sababu yake mwenyewe. Mumewe, Mwalimu Odilo, alikuwa anafundisha hesabu Lukwambe, mwendo wa siku moja na nusu kwa basi, mwaka wa tisa sasa. Ndoa yao ilikuwa ya likizo. Walizoeana kila Juni, wakasahauliana kidogo, wakazoeana tena Desemba.

Aliijua pia kwa sababu ya jirani. Ng'ambo ya uchochoro wao alikaa fundi seremala aliyekuwa akimlea binti yake peke yake. Mkewe, Mwalimu Pendaeli, alipangiwa Kingoko, mpakani kabisa, binti akiwa na miezi minane. Binti huyo, Nakijwa, sasa alikuwa na miaka tisa. Mama yake alipofika likizo, mtoto alimtandikia kitambaa mezani na kumtolea kikombe cha wageni. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amefunzwa adabu.

Basi Sikujua akaandika programu. Aliiandika kwa miezi kumi na minne, saa za kazi na saa za chakula. Iliitwa Mfumo wa Uhamisho wa Hiari wa Watumishi, na kazi yake ilikuwa ndogo: anayetaka kutoka huku kwenda kule atafutiwe anayetaka kutoka kule kuja huku, kisha kila mmoja aletewe barua yake kwenye simu, imeshasainiwa.

"Tuijaribu kwanza," alisema Bwana Ndimangwa.

Katika nchi ile kujaribu maana yake ilikuwa kushindwa. Tume ya Kuchunguza Kushindwa kwa Mfumo ilikuwa imekwisha kuteuliwa, imekutana mara sita, na ripoti yake yenye kurasa mia mbili na kumi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, jalada la buluu. Kilichobaki ni mfumo wenyewe kuwashwa ili ushindwe.

Katika kikao cha mwisho kabla ya kuwashwa, mjumbe mmoja alimuuliza Sikujua itakuwaje mambo yakiharibika. Sikujua, ambaye kwa kweli alikuwa anaringa kidogo, alijibu, "Ni rahisi, mheshimiwa. Nimeweka njia ya kurudi nyuma. Kitufe kimoja tu, na kila kitu kinakuwa kama kilivyokuwa jana yake."

Wajumbe wakaandika jambo hilo kwenye madaftari. Baadaye Sikujua aliikumbuka sana ile sauti ya kalamu nyingi kwenye karatasi.

*

Mfumo ukawashwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Kufika saa sita mchana ulikuwa umewapatia wenza wa kubadilishana walimu na wauguzi elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Hakuna kilichoharibika. Sikujua aliangalia mara tatu, akatafuta kosa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, hakuliona.

Wizara haikushtuka, kwani inajulikana kwamba barua ya serikali huchukua miezi mitatu kusadikiwa. Lakini watu hawa walikuwa wamesubiri miaka, na hawakutaka kumpa mtu nafasi ya kufikiri. Kufika Jumatano barabara za nchi zilijaa malori yenye magodoro. Muuguzi mmoja alihama na mlango wake. Mwalimu mkuu mmoja alifika kwa mkewe bila taarifa akiwa na mbuzi, na ikabidi mkewe aoneshwe kitambulisho.

Odilo alishuka kwenye basi Alhamisi akiwa na begi moja na ubao wa kuchorea maumbo.

"Hii ni likizo gani?" Sikujua alimuuliza, japo alijua.

"Hii si likizo, mke wangu," Odilo akasema. "Nimekuja kukaa. Nioneshe taulo langu ni lipi, nisiwe naulizauliza."

Na Pendaeli akaja, Ijumaa mchana. Uchochoro mzima ulitoka nje. Nakijwa alimtolea kikombe cha wageni kama kawaida, na Pendaeli akanywa. Siku ya nne tangu afike, Sikujua akiwa dirishani, alimsikia mtoto akipaza sauti kutoka uani, "Mama! Sabuni imeisha!" Halafu Pendaeli akatoka mbio na sabuni, akasimama mlangoni kwanza akajifuta uso kwa kiganja.

Jioni alivuka uchochoro akamshika Sikujua mikono yote miwili. "Jirani," alisema, "wewe umezaa watoto elfu nne kwa siku moja."

Hizo zilikuwa siku nzuri. Zilikuwa tisa.

*

Siku ya tisa Bwana Ndimangwa alitoka ofisini kwake saa nne, akarekebisha tai, akafungua mlango wa korido, na hakukuta mtu. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Inasemekana alisema "Njoo kesho" kwa sauti ya chini, kuona kama bado ipo, kisha akarudi ndani na kumpigia simu Waziri.

Kikao cha dharura kilifanyika mchana huohuo. Waziri, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi wa Heshima Kingungwa, alizungumza akiwa amesimama.

"Ndugu zangu, kuna jambo zito. Mfumo umefaulu. Nani aliuruhusu?"

Wajumbe wakatazama meza.

"Mheshimiwa Mkuu wa Nchi bado hajauzindua. Utepe haujakatwa. Kwaya haijaimba. Ripoti ya kushindwa kwake iko tayari, ina dibaji yangu mimi. Mafanikio ni mali ya serikali, ndugu zangu. Mafanikio yakitokea serikali haina habari, hayo yana jina jingine. Ni wizi." Akamgeukia Sikujua. "Mhandisi, nasikia una kitufe."

Sikujua akasimama. "Mheshimiwa, kile ni cha mfumo ukishindwa. Haujashindwa. Na watu wameshahama. Wana vitanda vyao huko."

"Vitanda vina miguu," alisema Waziri. "Virudi."

"Mheshimiwa, kuna watoto..."

"Watarudishiwa hali yao. Sisi hatumnyang'anyi mtu kitu. Tunawarudisha walipokuwa, ili siku ya uzinduzi Mkuu wa Nchi awahamishe mwenyewe, kwa heshima inayostahili." Waziri akakaa, akanywa maji. "Rahisi, ulisema. Kitufe kimoja. Imo kwenye muhtasari."

Wajumbe wakafungua madaftari yao. Ilikuwemo.

Sikujua angeweza kusema hapana. Hili alilirudia kichwani mwake baadaye mara nyingi, akilikata na kulipima kwa kila upande: angesema hapana, wangemfukuza, wangeleta mtu mwingine, na huyo mwingine asingekijua kitufe kwa wiki mbili, labda mwezi. Mwezi mzima. Watu elfu nne wangepata mwezi. Lakini pale kikaoni alisema, "Sawa, mheshimiwa," kwa sauti ambayo hakuijua ilitoka wapi, laini, yenye adabu.

*

Kesho yake saa tatu asubuhi Bwana Ndimangwa alipanda mwenyewe hadi ghorofa ya nne akiwa na karatasi moja. Kichwa cha karatasi kilisema Orodha ya Masilahi ya Taifa. Ilikuwa na majina thelathini na tisa: mpwa wa Waziri, shemeji wa Tume, mkwe wa dereva wa mtu fulani. Hawa wasirudi.

"Kuna haja kubwa ya kitaifa wabaki walipo," alieleza Bwana Ndimangwa. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, mtupu. "Na hapa ni pako. Serikali inatambua mchango. Weka jina moja, tukamilishe arobaini."

Watu wa nchi ile wana methali kuhusu namba arobaini, lakini haikuwamo kwenye ajenda.

Bwana Ndimangwa akasimama nyuma ya kiti, mikono nyuma, akitazama nje dirishani kama muungwana anayempa mtu faragha. Sikujua aliingiza majina thelathini na tisa. Mstari wa arobaini ukawa unamngoja.

Alifikiri juu ya mtoto aliyepiga kelele kwamba sabuni imeisha. Akaandika P. Akaandika E. Halafu akalisikia taulo. Sijui nisemeje, lakini ndivyo alivyomweleza baadaye mtu mmoja: alilisikia taulo la Odilo, bichi, likidondoka matone bafuni asubuhi ile, na yeye akiwa kitandani akisikiliza, akifurahi kwamba kuna mtu mwingine anayelowesha sakafu. Akazifuta zile herufi mbili. Akaandika Odilo, na jina la baba yake, na namba yake ya utumishi, ambayo aliijua kwa moyo.

Saa nne kamili akabonyeza kitufe.

Kioo cha kompyuta kikaandika: *Imefanikiwa.*

Na kwenye simu elfu nne mia mbili na sabini na mbili, nchi nzima, ukaingia ujumbe uliotungwa na Waziri mwenyewe: *Ndugu Mtumishi, unajulishwa kwamba hukuhama. Unatakiwa kuendelea kuwepo kituoni kwako, ambako hukuondoka.*

*

Pendaeli alivuka uchochoro akiwa na simu mkononi na unga kwenye vidole.

"Jirani, hebu nisomee. Mimi naona maneno lakini hayaingii."

Sikujua akausoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Sikuhama," alisema Pendaeli. "Sasa hapa niko wapi?" Akacheka kidogo. "Wewe uko hukohuko ndani. Niulizie. Pengine ni makosa ya mashine."

Angeweza kumwambia pale. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu. "Nitauliza," alisema Sikujua, akiangalia ule unga.

"Na shemeji Odilo? Naye amepata?"

"Bado. Labda mtandao."

"Mungu amsaidie usimfikie," alisema Pendaeli, na alimaanisha. Huyo ndiye mtu aliyefanyiwa hayo yote.

Aliondoka Jumapili. Barabara zikajaa tena magodoro yaleyale. Watu waliobadilishana vituo walikutana njiani, wakapungiana mikono madirishani, wengine wakasimama kwenye vituo vya mafuta kurudishiana funguo. Yule mwenye mlango alirudi na mlango. Nakijwa hakulia. Alisimama uchochoroni akishika mfuko wa mama yake mpaka lori lilipowashwa, halafu akauliza, "Desemba utakuja siku gani, ili nijue?"

Sikujua aliyaona haya kutoka nyuma ya pazia. Nyuma yake Odilo alikuwa anapiga pasi suruali ya Jumatatu huku akipiga mluzi.

"Mimi mbona hawajaniandikia?" Odilo aliuliza.

"Mfumo umekusahau."

"Alhamdulillahi kwa mifumo yenye usahaulifu," alisema Odilo, ingawa alikuwa Mkatoliki, na akaendelea na mluzi wake. Alikuwa na mluzi mzuri. Sikujua hakuwahi kujua hivyo, kwa kuwa mtu hapigi mluzi likizo. Hupiga mluzi kwao. Kila asubuhi aliusikia, na kila asubuhi alitamani kumwambia anyamaze, akashindwa kupata sababu anayoweza kuitamka.

*

Uzinduzi uliahirishwa mara tatu kwa sababu ya rangi ya utepe. Ulifanyika baada ya miezi saba, uwanjani, chini ya mahema. Kwaya iliimba. Mkuu wa Nchi akabonyeza kitufe cha dhahabu ambacho hakikuunganishwa na chochote, na pembeni Sikujua akakiwasha kile cha kweli.

Mfumo ukatafuta, ukahamisha watu kumi na mmoja. Wengine hawakuomba tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengine wenza wao wa kubadilishana hawakuwepo. Mwalimu wa mjini aliyekuwa amebadilishana na Pendaeli alitaka kwenda Kingoko kumtunza mama yake mgonjwa, na aliporudishwa mjini aliacha kazi, akaenda hivyohivyo kulima. Pendaeli sasa hakuwa na mtu wa kubadilishana naye. Mfumo ulimtafutia kwa sekunde nne, ukaandika: *Endelea kusubiri.*

"Kumi na mmoja!" alitangaza Waziri. "Na wote kumi na mmoja wamefaulu. Asilimia mia!" Uwanja ukashangilia. Kisha akaita jina la Sikujua, akamvisha Nishani ya Hatua za Nyuma, Daraja la Kwanza, na kumpa kipaza sauti ashukuru.

Sikujua alikuwa na karatasi ya shukrani mfukoni. Hakuitoa.

"Mfumo huu ulifaulu miezi saba iliyopita," alisema. Sauti yake ilirudi kutoka kwenye spika za mbali, kubwa kuliko yeye. "Niliurudisha nyuma mimi. Kulikuwa na orodha ya watu wa kubaki, na nafasi moja nilipewa mimi. Nina jirani ambaye mtoto wake anamtolea kikombe cha wageni. Nilianza kuandika jina lake, nikalifuta, nikaweka la mume wangu. Halafu jirani akaja kuniuliza, nikamwambia nitauliza. Nimefanya kosa. Naomba..."

Hakujua anaomba nini. Sikujua alisubiri askari.

Waziri ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Mmesikia!" alisema, amechukua kipaza sauti. "Mtumishi anayeipenda familia yake! Familia imara, taifa imara! Unyenyekevu ulioje!" Makofi yakaenea hema kwa hema. Kwaya, ambayo ilikuwa na wimbo mmoja wa ziada, ikauimba. Mwandishi wa gazeti la serikali alimfuata Sikujua kwenye ngazi akamwomba amwandikie vizuri jina la mume wake, lisikosewe.

Odilo alikuwa ameitazama hotuba kwenye televisheni ya ofisi ya walimu, pamoja na walimu wenzake. Sikujua alimkuta nyumbani amekaa sebuleni, viatu bado miguuni.

"Walinipigia makofi shuleni," alisema Odilo. "Mmoja alinipa mkono."

"Nisamehe."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa kazini. Ilikuwa saa tatu, Katibu Mkuu amesimama nyuma yangu..."

"Ungeniuliza, ningekwambia uniache nirudi," alisema Odilo taratibu. "Ndiyo maana hukuniuliza."

Alivua viatu, akavipanga. Asubuhi iliyofuata alipiga pasi suruali yake kimya.

*

Sikujua akaomba ruhusa ya siku tano akaenda Kingoko. Alfajiri alipokuwa anafunga mlango, Nakijwa alikuwa nje anafagia. Alipoambiwa safari ni ya wapi, mtoto aliweka ufagio chini, akambebea mfuko mpaka kituoni, na hakutuma ujumbe wowote. Alisema tu, "Mwambie shikamoo."

Kingoko ilikuwa na shule ya vyumba vinne na mlingoti wa bendera. Pendaeli alikuwa darasani peke yake, watoto wameenda kuteka maji, anafuta ubao. Alipomwona Sikujua mlangoni, kitambaa kilimdondoka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Wote wazima. Nakijwa anakuamkia."

Pendaeli akavuta pumzi, akaokota kitambaa. "Karibu basi. Mbona umesimama kama mdaiwa?"

Sikujua akaanza kueleza. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yalitoka vipandevipande, ya nyuma yakawa mbele. Pendaeli aliendelea kufuta ubao, hata sehemu iliyokuwa safi.

"Niliisikia," alisema hatimaye. "Redio inafika huku. Uhamisho ndio haufiki."

"Ulijua? Muda wote huu?"

"Tangu sherehe. Kabla yake nilikuwa nakuombea." Akageuka. "Hizo herufi ulizoandika ni ngapi?"

"Mbili."

"Mbili," alirudia Pendaeli. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti juu. "Sasa niambie. Kuna njia ya kulirudisha jina langu pale?"

"Hakuna. Nimetafuta."

"Basi umekuja kunipa nini?"

Nje watoto walikuwa wanarudi, ndoo zikigongana.

"Umesafiri siku mbili na mzigo wako," alisema Pendaeli, bila hasira, kama anayemweleza mtoto somo gumu, "ukidhani ukifika hapa mimi nitaupokea, nikwambie haidhuru. Inadhuru, jirani. Sina pa kuuweka. Utarudi nao."

"Ndiyo," alisema Sikujua. Machozi yalikuja, akayaacha.

Kisha Pendaeli akainuka, akafunga mlango watoto wasiingie, akauliza kwa sauti nyingine, "Ulimwona lini?"

"Nakijwa? Juzi alfajiri. Amenibebea mfuko."

"Amefika wapi?"

"Darasa la nne sasa."

"Hilo najua. Kimo. Baba yake kwenye simu ananiambia amekua, amekua. Amekua mpaka wapi?"

Sikujua akafikiri, akamkumbuka mtoto alivyosimama kando yake kituoni, akaweka kiganja chini kidogo ya kifua.

Pendaeli akamshika mabega, akamsogeza mpaka ukutani karibu na dirisha. "Vua viatu," alisema. Sikujua akavua. Pendaeli akachukua kipande cha chaki, akapiga goti moja chini, akauweka mkono wa jirani yake sawa na ukuta.

"Simama vizuri," alisema. "Usiondoe mkono."